Hesabu za Darasa la Nne Zisivunje Amani ya Nyumba

Oktoba ikikaribia, nyumba nyingi zenye mtoto wa darasa la nne hubadilika ghafla. Televisheni inazimwa mapema, mwalimu wa tuisheni anaongezewa siku, na baba ambaye mwaka mzima hajagusa daftari la mtoto anageuka mkaguzi wa elimu. Saa tatu usiku utasikia: “Saba mara nane ngapi? Nimekuuliza, saba mara nane ngapi?” Mtoto kimya, machozi yanamlengalenga. Mama anadakia kutoka jikoni: “Baba nanihii, hebu mwache mtoto, umeshamtisha.” Baba naye: “Ndiyo hivyo unavyomdekeza.” Hapo hesabu zimeisha, ugomvi wa watu wazima umeanza, na saba mara nane bado haijajibiwa.

Kama hali hii unaijua, makala hii ni yako na mwenzi wako. Hatutaki kukufanya mwalimu wa Hisabati, na si lazima uwe mmoja. Tunachotaka kukuonyesha ni kwamba mzazi anayemsaidia mtoto wake vizuri hahitaji kujua hesabu nyingi. Anahitaji utulivu, anahitaji kujua mtoto amekwama wapi hasa, na anahitaji kuelewana na mwenzake.

Kwanza, ujue unapambana na nini

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unaandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Oktoba, siku mbili tu, na matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Watoto wengi wanaoufanya wana miaka tisa au kumi.

Upimaji huu hauchagui mtoto wa kwenda sekondari. Kazi yake ni kuonyesha amefika wapi katika kusoma, kuandika, kuhesabu na masomo mengine, kabla hajaingia madarasa ya juu ambako mambo yanakuwa mazito. Asiyefikia kiwango anaweza kutakiwa kurudia darasa, kwa hiyo si jambo la kuchezea. Lakini pia si hukumu ya maisha. Ukilielewa hilo, hata sauti yako ikifika saa tatu usiku itashuka kidogo.

Na ile presha ya “shule ya mtoto wa fulani imeingia kumi bora”? Tangu mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Kama Baraza lenyewe limeacha kushindanisha, kwa nini wewe uendelee kwenye kundi la WhatsApp la wazazi?

Woga wako unaambukiza

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, akiwemo mwanasaikolojia Sian Beilock, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto 438 wa darasa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Waligundua jambo la kushangaza. Watoto ambao wazazi wao waliogopa hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi kwa mwaka ule, na wao wenyewe wakaanza kuziogopa. Lakini hilo lilitokea pale tu mzazi huyo mwoga alipokuwa akimsaidia mtoto homuweki mara kwa mara. Kama hakuwa akisaidia sana, woga wake haukumfikia mtoto.

Usije ukasema, “Basi, kumbe nisimsaidie kabisa!” Hapana. Maana yake ni kwamba mtoto anakusoma wewe kabla hajasoma swali. Unapokunja uso, unapohema kwa nguvu, unapomnyang’anya penseli na kumalizia mwenyewe, anajifunza kwamba hesabu ni kitu cha kutisha.

Kuna sentensi moja ya kufuta kabisa kwenye nyumba yako: “Hata mimi hesabu zilinishinda, katika ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu.” Unaisema kwa nia njema, umfariji mtoto. Yeye anaipokea kama ruhusa ya kukata tamaa. Mwambie badala yake: “Hii hata mimi siikumbuki vizuri. Hebu nionyeshe mwalimu alivyowafundisha.” Hapo umempa heshima, umemfanya yeye mwalimu, na wewe umepata nafasi ya kusikia anavyofikiri.

Tafuta kosa, usimtafute mkosaji

Watoto hawakosei hovyo hovyo. Mara nyingi kosa la mtoto lina sababu yake, na ukiijua sababu umeshamaliza nusu ya kazi. Angalia makosa haya, halafu fungua daftari la mwanao uone kama yamo.

*Kutoa kwa kukopa.* Swali: 503 toa 267. Mtoto anaandika 364. Ukimuona mjinga umekosea, maana ametumia akili. Kwenye kila safu ametoa namba ndogo kutoka kubwa: 7 toa 3 ni 4, 6 toa 0 ni 6, 5 toa 2 ni 3. Jibu sahihi ni 236. Hajaelewa kukopa, na hatalielewa kwa kufokewa.

Chukua noti ya 10,000 mezani. Mwambie akanunue unga wa 3,600, wewe ndiye mwenye duka na huna chenji. Atafanyaje? Atachenji noti yake ipate noti kumi za 1,000. Halafu noti moja ya 1,000 ataichenji tena ipate sarafu kumi za 100. Sasa ana noti tisa na sarafu kumi. Anatoa noti tatu na sarafu sita, zinabaki noti sita na sarafu nne, yaani 6,400. Kukopa kwenye hesabu ndiyo huko huko kuchenji, tena mtoto anayetumwa dukani kila siku anakujua vizuri kuliko wewe.

*Saa.* Basi limeondoka saa 2:40 asubuhi, limetembea saa 1 na dakika 35. Limefika saa ngapi? Mtoto anaandika 3:75. Amesahau kwamba saa moja ina dakika 60, si 100. Dakika 75 ni saa 1 na dakika 15, kwa hiyo basi limefika saa 4:15. Kama mtoto anasoma shule ya Kiingereza ana mtihani wa pili juu ya huo: nyumbani mnasema saa mbili, shuleni ni saa nane, na saa ya ukutani inamwangalia tu. Tundika saa ya mishale sebuleni, na kila siku muulize kwa namna zote mbili.

*Sehemu.* Robo na moja ya nane, ipi kubwa? Wengi watasema moja ya nane, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Kata chapati moja vipande vinne, nyingine ya ukubwa ule ule vipande vinane, kisha mwambie achague kipande. Hakuna mtoto atakayechagua kidogo. Kosa jingine ni kujumlisha 1/5 na 2/5 akapata 3/10. Vipande vya chapati havibadiliki ukubwa kwa sababu umeviweka kwenye sahani moja. Jibu ni 3/5.

*Mzingo na eneo.* Uwanja una urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Mzingo ni mita 40, eneo ni mita za mraba 96. Watoto huchanganya hizi mbili kwa sababu wamekremu kanuni bila picha. Mzingo ni uzio unaozunguka nyumba. Eneo ni vigae vya sakafuni. Ukiwa na kiwanja Kigamboni au Kibaha unachohangaika kukijenga, mtoto amesikia habari za uzio na vigae tangu hajaanza shule. Itumie hiyo.

Wakati mwingine tatizo ni lugha

Jaribu swali hili: Juma ana maembe 24. Ana maembe 9 zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi?

Mtoto ameona neno “zaidi”, amejumlisha, kapata 33. Jibu ni 15. Kujumlisha anajua, kutoa anajua, ila swali hakulisoma. Shuleni amezoea kwamba “zaidi” ni kujumlisha na “baki” ni kutoa, basi anawinda neno moja tu na kuacha habari nzima.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji shahada. Kabla hajashika penseli, mwambie akusimulie swali kwa maneno yake mwenyewe, kama anamsimulia rafiki yake. Nani ana nyingi? Nani ana chache? Tunatafuta za nani? Akishindwa kusimulia, msirukie kukokotoa. Mchore picha, hata ya vijiti.

Kwa watoto wa shule za Kiingereza, hapa ndipo wazazi wengi tunapotea. Wewe ulisoma kiasi na asili, mzingo, namba shirikishi. Yeye anakuja na maneno mengine kabisa kwa vitu vile vile, nawe unamwona hajui. Kaeni pamoja mtengeneze karatasi moja yenye maneno ya shuleni kwake upande huu na ya Kiswahili upande ule, muibandike kwenye friji. Akielewa wazo kwa Kiswahili halafu akapewa neno la Kiingereza, hajapoteza chochote. Asipoelewa kwa lugha yoyote, hapo ndipo pa kuhangaika.

Dakika ishirini zinatosha

Tuwe wakweli. Unatoka ofisini saa kumi na moja, foleni ya Mwenge au Tabata inakuweka hadi saa moja na nusu. Mtoto naye aliamka saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule. Mkikutana mezani wote ni betri zilizokwisha. Kumkalisha saa mbili nzima wakati huo ni kumfundisha kusinzia.

Dakika ishirini kwa siku, siku tano kwa wiki, zinashinda Jumapili moja ya saa nne. Ila dakika hizo zitumike vizuri, na hapa kuna habari tamu kwa sisi Waswahili. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wa chuo maneno 40 ya Kiswahili wajifunze maana zake kwa Kiingereza. Baada ya wiki moja, walioendelea kujiuliza na kujijibu hata maneno waliyokwishayajua walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kujiuliza mara tu walipolipata neno, wakabaki kulisoma tu, walikumbuka kama theluthi.

Somo ni hili: kumtolea mtoto jibu kichwani kunamjenga kuliko kumsomesha tena na tena kilichoandikwa. Hivyo usimpe jedwali la kuzidisha alitazame. Muulize maswali matano mkiwa kwenye daladala, matano wakati wa kuosha vyombo, matano kabla ya kulala. Akikwama saba mara nane, usimpe jibu. Muulize, “Saba mara saba unaijua?” Atasema 49. “Ongeza saba moja.” 56. Safari nyingine atafika mwenyewe.

Pia changanya maswali. Ukimpa maswali ishirini ya kutoa mfululizo, baada ya la tatu hafikirii tena, anatoa tu. Siku ya mtihani hakuna wa kumwambia hili ni la kutoa na lile la kugawanya. Mpe sita tu, kila moja la aina yake.

Wewe na mwenzi wako

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu ninyi wawili. Mtoto akishindwa hesabu, wanandoa wengi hujibizana kuhusu vitu vingine kabisa: nani yuko bize kuliko nani, nani analipa ada, ukoo wa nani una akili. Mtoto anayesikia hayo anaelewa kitu kimoja, kwamba kosa lake la kutoa 267 linaweza kuwaachanisha wazazi wake. Huo ni mzigo mkubwa mno kwa mtu wa miaka kumi.

Kubalianeni mambo machache mkiwa wawili, mtoto amelala:

Moja, zamu. Jumatatu na Jumatano baba, siku nyingine mama. Aliye zamu ndiye mwenye kauli. Asiye zamu haingilii kutoka jikoni wala kutoka kwenye kochi, hata kama anaona njia ya mkato.

Mbili, njia ya mwalimu ndiyo njia ya nyumbani. Wewe ulifundishwa kugawanya kivyako, mwenzio kivyake, mwalimu ana yake. Mtoto akipewa njia tatu anatoka bila hata moja. Kama njia ya shule humuielewi, angalia kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake mtandao na unavisoma bure.

Tatu, hakuna kulinganisha. Si na dada yake, si na mtoto wa shemeji, si na wewe ulipokuwa darasa la nne ukitembea kilomita kadhaa kwenda shule.

Nne, aliye mbali naye yumo. Kama mmoja wenu anafanya kazi Mwanza na familia ipo Dar, dakika kumi za simu ya video zinatosha mtoto kumfundisha baba yake swali moja. Mtoto anayemweleza mtu mwingine swali analielewa mara mbili.

Na msimsahau dada wa nyumbani. Kuanzia mtoto anaporudi shule hadi ninyi mnapofika, yeye ndiye mzazi. Mshirikisheni kwa heshima. Hata kama hakusoma sana, anaweza kushika kadi za kuzidisha zenye majibu nyuma na kumuuliza mtoto. Na kama unalea peke yako, zamu ya pili inaweza kuwa ya shangazi, mjomba au jirani unayemwamini.

Tuisheni je?

Si vibaya, lakini usinunue tuisheni kama unavyonunua bima. Kabla hujatoa hela, muulize mwalimu: “Mwanangu hawezi nini hasa?” Mwalimu mzuri atakwambia, “Anajua kuzidisha, ila hajaelewa nafasi ya tarakimu, ndiyo maana mistari yake ya kujumlisha inahama.” Akikwambia tu “yuko vizuri, anahitaji mazoezi zaidi,” bado hajamuona mtoto wako.

Kuna hazina nyingine ambayo wazazi wachache wanaijua. Kwenye tovuti ya NECTA, mbali na mitihani ya miaka iliyopita na fomati za mitihani, zimo taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi. Humo utaona maswali yenyewe, majibu sahihi na majibu mabovu ya watoto wengine, pamoja na maelezo ya kwa nini walichemsha. Kaa na mwanao mcheze mchezo wa mkaguzi: yeye atafute kosa lilipo. Watoto wanapenda sana kusahihisha wenzao. Hakikisha tu unatumia fomati ya mwaka husika, maana hubadilika, na mwalimu wa darasa ndiye wa kukuthibitishia.

Wiki sita za mwisho

• *Wiki ya 1:* Mpe mtihani mmoja wa zamani bila saa wala maksi. Andika pembeni aina za makosa, si idadi yake. Chagua matatu makubwa.

• *Wiki ya 2 hadi ya 4:* Kosa moja kila wiki, kwa vitu vya kushika kwanza: noti, chapati, saa ya ukutani. Kalamu ifuate baadaye.

• *Wiki ya 5:* Mtihani wa pili, safari hii kwa muda uliopangwa. Mfundishe kuruka swali gumu na kulirudia, kuonyesha njia, na kuandika kipimo: mita, shilingi, dakika.

• *Wiki ya 6:* Punguza. Maswali machache anayoyaweza, ili aingie na moyo wa ushindi. Kukesha marufuku.

Siku yenyewe

Penseli mbili zilizochongwa, kifutio, rula, na chai aliyoizoea. Usimletee supu mpya ya kuongeza akili siku hiyo, tumbo likimvuruga utamlaumu nani? Ahadi ya baiskeli akipata A iache, na kitisho cha “ukifeli utaniona” kiache pia. Vyote vinamwambia kwamba mapenzi yako yana masharti. Mwambie tu: “Umejiandaa. Soma swali mara mbili. Tutakuja kukuchukua.”

Akirudi, msimuulize swali moja moja amejibu nini. Muulizeni lipi lilimfurahisha, kisha mkale pamoja. Matokeo yakitoka, yasomeni wote watatu mezani, kwa utulivu ule ule mliojizoesha. Yakiwa mazuri, mpongezeni kwa zile dakika ishirini, maana kwa hizo alifanya kazi kweli. Yakiwa si mazuri, mnaijua kazi: kutafuta kosa lilipo na kuanza nalo upya, kesho saa moja na nusu, zamu ya baba.